Tupande Mlangilangi, Tena Tuukate



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mahindi, mihogo, mbuzi wa maziwa na maji ya visima. Somo la mara hii ni la mti ambao wengi wetu huuona kama pambo la uani tu, nao ni mlangilangi. Ni mti usiopukutisha majani, wenye maua ya manjano, na harufu yake jioni hufika hata kwa jirani wa nyumba ya tatu.

Swali tunaloleta kwenu ni hili: je, mti huu unaweza kumletea mama wa nyumbani pesa ya sabuni, ya mafuta ya taa, na kidogo ya karo? Jibu letu ni kwamba unaweza, lakini kwa sharti moja. Lazima ukatwe. Mlangilangi ulioachwa ukue upendavyo ni mti wa kunguru, maua yako juu na mwenye mti yuko chini akinusa tu. Mlangilangi uliokatwa na kuinamishwa ni kichaka, na bibi wa miaka sabini anaweza kuuchuma akiwa amesimama. Hilo ndilo somo lenyewe. Mengine yote yanafuata hapo.

Tunashauri somo hili ligawanywe katika mikutano miwili. Mkutano wa kwanza usome mpaka mwisho wa sehemu ya kuotesha. Wa pili umalizie, na ufanyike karibu na mti, si ndani ya nyumba.

MTI WENYEWE

Mlangilangi haukuanza kwetu. Asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, kama vile Ufilipino na Indonesia, na hata jina lake limetoka kwa Wafilipino. Ukaja kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi na kwenye pwani yetu, na leo ni mwenyeji kabisa. Ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope. Pia ni ndugu wa mkilua wetu wa Pwani, ambao nao hupendwa kwa harufu. Ukiangalia ua la mstafeli utaona jinsi petali zake zilivyo nene. Ya mlangilangi ni marefu, membamba, yamejikunja na kuning'inia kama vidole vilivyochoka.

Ua la mlangilangi lina petali sita. Likifunguka huwa la kijani na halinuki sana. Hukaa juu ya mti wiki mbili au tatu likigeuka polepole, hadi linapokuwa la manjano, na kwenye kitako cha petali huonekana alama nyekundu-nyekundu. Hapo ndipo harufu imeiva. Tunda lake ni dogo, hukaa kwa vishada, kijani kwanza halafu jeusi.

Kwetu Pwani matumizi yake yanajulikana. Akina mama huchanganya langilangi na asumini na rihani katika vikuba vya kuvaa, huyatandaza kitandani kwa bibi harusi, huyaweka kwenye sanduku la nguo, na huyaloweka katika mafuta ya nazi ya kupaka nywele. Ng'ambo, mafuta yake hutumika kutengenezea manukato. Yale manukato ya Kifaransa yanayoitwa Chanel No. 5, yaliyotolewa mwaka 1921, yana mafuta ya ua hili ndani yake. Majirani zetu wa Komoro wamejulikana miaka mingi kwa kuyakamua na kuyauza nje.

KWA NINI TUUKATE

Mlangilangi ukiachwa hufika mita 10, mita 20, na hata zaidi. Minazi pia ni mirefu, mtasema. Ndiyo, lakini mnazi una mkwezi na shina lake ni gumu. Mbao za mlangilangi ni laini na matawi yake huvunjika kama mhogo mkavu. Mtoto akipanda kuchuma maua, tawi linakatika naye. Hakuna ua linalostahili mfupa wa mtoto.

Kwa hiyo watu wanaolima mti huu kwa biashara, huko Komoro na Madagaska, huukata kichwa ukiwa mchanga na kuyavuta matawi yake yaelekee chini. Mti unabaki mfupi na mpana, na maua yanakuwa usawa wa kifua na uso. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mlangilangi ndio mfano wake shambani.

KABLA YA KUPANDA: ARDHI NI YA NANI?

Jambo hili linaonekana dogo, lakini limevunja urafiki mwingi. Mlangilangi ni mti wa kudumu, si kunde za kuvuna baada ya miezi mitatu. Huku Pwani tunajua historia yetu: watu wengi wanaishi na kulima kwenye ardhi ambayo hawana hati yake, na mara nyingi mwenye ardhi huwaruhusu kulima chakula lakini hataki wapande miti ya kudumu. Anaogopa kwamba aliyepanda mti atadai na ardhi.

Basi msipande kwanza halafu mkaulize. Mambo matatu yaamuliwe mapema:

Kwanza, kama ardhi si yenu, mwendeeni mwenyewe na wazee wawili, mpatane, na mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi. Yasemwe wazi kwamba mti ni wa nani, na ardhi ni ya nani.

Pili, kama mama anapanda kwenye shamba la mume au la wakwe, azungumze nao akiwa bado na mche mkononi. Maneno ya "nani amepanda, nani achume, pesa ni za nani" ni rahisi mti ukiwa wa shilingi chache. Ukishaanza kutoa maua, ni vita.

Tatu, kama shamba ni la kikundi, kitabu cha kikundi kionyeshe nani ana zamu ya kumwagilia, nani ana zamu ya kuchuma, na mgao utakuwaje mtu akihama au akifariki.

MAHALI PANAPOUFAA

Mti huu hupenda joto, unyevu na udongo wenye kina. Sehemu za mwambao zinazopata mvua zaidi ya milimita 1000 kwa mwaka, kama upande wa kusini wa Mombasa kwenda Kwale, zinafaa zaidi. Palipo pakavu unaweza kukua, lakini karibu na nyumba tu, ambapo maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea yanaweza kumwagwa shinani. Sehemu za juu zenye baridi hazifai. Ndugu zetu wa milimani, msome somo hili kwa elimu, lakini msinunue miche.

Tafuteni mahali penye jua la kutosha, kwa sababu kivulini mti unatoa majani mengi na maua machache. Lakini pawe pamekingwa na upepo wa kusi, kwa mfano nyuma ya nyumba au nyuma ya safu ya minazi. Pasiwe na maji yanayotuama. Na msipande karibu sana na choo, kisima au msingi wa nyumba.

KUOTESHA MBEGU

Kwa kawaida mlangilangi huoteshwa kwa mbegu. Chagueni mti mama wenye maua mengi na harufu nzuri, msiokote tu mbegu zozote. Fuateni hatua hizi:

1. Okoteni au chumeni matunda yaliyokuwa meusi kabisa. Yapondeni taratibu kwa mkono ndani ya maji, osheni nyama yote itoke, mbegu zianikwe kivulini.

2. Jazeni mifuko ya miche mchanganyiko wa udongo wa juu, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Sehemu tatu za udongo kwa moja ya mchanga na moja ya samadi zinatosha. Paketi za maziwa na mikebe iliyotobolewa chini pia hufanya kazi, mradi iwe mirefu.

3. Pandeni mbegu mbili kwa kila mfuko, kina cha sentimita moja au mbili. Funikeni kwa nyasi kidogo na mwagilieni asubuhi au jioni.

4. Ngojeni. Hapa ndipo vikundi vingi huchoka. Mbegu hizi hazioti zote kwa pamoja. Nyingine hutokeza baada ya mwezi, nyingine baada ya miezi miwili au zaidi. Msimwage udongo mkidhani mbegu ni mbovu. Endeleeni kunyunyiza maji.

5. Mbegu zote mbili zikiota, bakisheni mche mmoja wenye nguvu.

Kwa nini tunasema mfuko, wala si tuta la kitalu? Kwa sababu mche huu una mzizi mkuu mrefu unaoshuka moja kwa moja. Uking'olewa kwenye tuta, mzizi unakatika na mche unakufa au unadumaa. Ukiwa ndani ya mfuko, unahama na udongo wake wote, haujui hata kama umehamishwa.

KUPANDA SHAMBANI

Mche ukifika urefu wa futi moja hivi, na mvua za masika zimeshika, ndio wakati. Wiki mbili kabla, punguzeni kivuli na maji kidogo kidogo ili mche uzoee jua.

Chimbeni shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Udongo wa juu wekeni upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanyeni udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza, rudisheni shimoni. Chaneni mfuko kwa wembe, msiuvute mche kwa shingo. Pandeni, kanyageni kwa mguu taratibu, mwagilieni, halafu zungusheni makumbi ya nazi au nyasi kavu kuhifadhi unyevu. Hayo matandazo yasiguse shina.

Nafasi kati ya mti na mti iwe mita 6, yaani hatua saba kubwa za mtu mzima. Tunajua mtaona ni kubwa mno mche ukiwa kama kalamu. Lakini mti huu tutaulazimisha utanuke kwa upana. Kwa miaka miwili ya mwanzo nafasi hiyo isikae bure, pandeni kunde au pojo katikati. Kwa kipimo hicho ekari moja huingia miti 110 hivi, lakini hatuwashauri mwanze na ekari.

Kuanzia Januari hadi Machi, jua likiwa kali, mche mchanga upewe lita 10 mara mbili kwa wiki. Na uzungushieni ua wa miiba. Mbuzi hajasoma gazeti hili.

KUKATA NA KUINAMISHA

Sasa tumefika kwenye kiini. Ukiwa na mwaka wa pili au wa tatu, mti utakuwa umepita kimo cha mtu. Mwanzoni mwa mvua, chukueni msumeno au panga kali, mkate shina kuu kwenye urefu wa mita 2 hivi. Mkato uwe wa mshazari ili maji ya mvua yatiririke, yasilale juu ya kidonda na kuozesha shina.

Wengi mikono itawatetemeka. Mti umetunzwa miaka miwili, umenyooka vizuri, halafu ukatwe kichwa! Lakini fikirini: chakula kilichokuwa kikipanda juu kutafuta jua sasa kitaingia kwenye matawi ya pembeni, na matawi ya pembeni ndiyo mtakayofikia.

Baada ya hapo:

- Chagueni matawi mazuri yaliyogawanyika pande zote. Yafungeni kwa kamba ya makumbi, myavute chini kidogo kidogo, mfunge kwenye vigingi. Msivute kwa siku moja, yatavunjika. Vuteni leo kidogo, wiki ijayo kidogo.

- Kamba isikaze kwenye gome. Ikaguliwe kila mwezi na kulegezwa, la sivyo itakata tawi likinenepa.

- Machipukizi yanayotoka kwenye shina na kwenda juu wima yaondolewe yangali laini. Kazi hii haiishi. Mti utajaribu kurudi juu kila mwaka, na kila mwaka mtaukatalia.

- Kila mwanzo wa mvua, tieni samadi debe moja au mawili kuzunguka mti, chini ya ncha za matawi, siyo shinani.

Kama tayari kuna mlangilangi mzee mrefu uani, msiukate wote kwa mara moja, na msipande juu yake wenyewe. Tafuteni fundi mwenye kamba, aushushe kwa awamu.

KUCHUMA

Maua ya kwanza hutokea mwaka wa pili au wa tatu, lakini msihesabu pesa bado. Mti wa miaka minne uliotunzwa unaweza kutoa kilo 5 hivi za maua kwa mwaka, na ukikomaa kilo 10 au zaidi. Maua hutoka karibu mwaka mzima, ila huwa mengi baada ya mvua.

Chumeni alfajiri, kabla jua halijapanda, kwa maana harufu imekaa ndani ya ua usiku kucha na jua huitoa. Chumeni ya manjano tu yenye ile alama nyekundu. La kijani likichumwa ni hasara mara mbili: leo halinuki, na wiki ijayo halipo. Lililoanza kuwa na rangi ya kahawia limeshapita.

Msiyabane na msiyafunge kwenye mfuko wa plastiki. Yatapata joto, yatatoa jasho na kuwa meusi kabla ya saa sita. Yatandazeni kwenye ungo au pakacha lililowekwa jani la mgomba, myafunike kwa kitambaa chenye unyevu, na yauzwe siku hiyo hiyo.

TUUZE MAUA AU MAFUTA?

Hapa tunawaomba msikimbie. Mtu akisikia manukato ya ng'ambo, mara moja anataka mtambo wa kukamua mafuta. Hebu tupige hesabu pamoja.

Kikundi cha watu 20, kila mmoja na miti 2 nyumbani, kina miti 40. Kila mti ukitoa kilo 5, ni kilo 200 kwa mwaka. Maua kilo 100 hutoa kilo 2 hivi za mafuta, kwa hiyo kikundi kizima kitapata kilo 4 kwa mwaka mzima. Ili kupata hizo kilo 4 kunahitajika mtambo mzuri, maji ya kupozea, na moto wa saa nyingi kila mara mnapokamua. Huko Komoro, hasa kisiwa cha Nzuwani, kuni za kukamulia mafuta haya zimekuwa miongoni mwa sababu za misitu kupungua. Hatutaki kuuza harufu tukabaki na vilima vitupu.

Sasa hesabu ya pili. Kilo 200 kwa mwaka ni kama nusu kilo kwa siku, kwa wastani. Nusu kilo ya maua mabichi ni mzigo mdogo ambao mama mmoja anaweza kuupeleka kwa watengeneza vikuba, kwa wapambaji wa harusi na kwa wauza asumini, akarudi na pesa mkononi. Ndiyo maana tunasema: anzeni na maua mabichi. Miti miwili kwa kila nyumba inatosha kujifunza soko.

Njia ya katikati ni mafuta ya nazi yenye harufu. Chukueni mafuta ya nazi safi yasiyo na maji hata tone. Maua yaanikwe kivulini siku moja yanyauke, kwa sababu maji ya ua ndiyo yanayochachusha mafuta. Yatieni kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mfunike. Baada ya siku mbili toeni maua, mtie mengine mapya. Rudieni mara tatu au nne, halafu chujeni kwa kitambaa safi. Andikeni tarehe kwenye chupa.

TAHADHARI MBILI

Ya kwanza: mafuta haya ni ya kupaka, si ya kunywa. Wako watu ambao ngozi zao huwashwa na langilangi. Mwambieni mnunuzi ajaribu tone moja mkononi na angoje mpaka kesho. Watoto wachanga wasipakwe.

Ya pili ni kubwa zaidi. Kuna mti mwingine wa uani, pia hauachi majani, wenye maua ya manjano yaliyo kama tarumbeta, majani membamba yanayong'aa, utomvu mweupe kama maziwa, na tunda gumu lenye pembe. Huo ni sumu, na mbegu zake chache zinaweza kuua mtoto. Mlangilangi hauna maziwa na petali zake zimeachana, zinaning'inia. Mkionyeshwa miche, vunjeni jani kwanza muone kama linatoa maziwa. Likitoa, achaneni nao.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, nani tayari ana mlangilangi? Ni mrefu kiasi gani, na nani huchuma maua yake?

2. Nani hununua maua hapa karibu, na hununua siku gani za wiki? Wawili waende wakaulize bei, walete taarifa mkutano ujao.

3. Ni wangapi kati yetu wanaishi kwenye ardhi ambayo lazima wapatane kwanza na mwenyewe?

4. Mama akiuza maua ya mti alioupanda, pesa ni za nani? Wanaume na wanawake wajibu kwa zamu, na kila upande umsikilize mwenzake.

KAZI YA MWEZI HUU

Kila kikundi kitafute mti mama mmoja mzuri, kiokote matunda meusi, na kijaze mifuko 50. Si yote itaota. Ile itakayoota igawanywe miwili miwili, tukianza na wajane na wazee, kwa sababu kazi yake si nzito na haihitaji jembe kila siku. Na siku ya kugawa miche, kila mmoja atamke mbele ya wenzake ahadi hii: "Nitaupanda, nitaumwagilia, na ukifika kimo changu nitaukata."

Heri ya kazi, na tuonane toleo lijalo.